Ndoo

Fomu ina kurasa kumi na moja.
Jina la mwisho, yauliza. Nimeandika la babu,
Shekuwe, ingawa hapa Kuze
hakuna aniitaye kwalo ila karani wa hospitali.

Kampuni iko ng'ambo, hutengeneza mashine zenye masikio.
Itagharamia miaka mitatu ya uzamivu:
karo, kompyuta, na posho ya mwezi
iliyozidi mshahara wa Dkt. Mwachofi aliyenifundisha,
naye kaniandikia barua ya mapendekezo
bila kinyongo, ila kwa koma nyingi.

Idara yetu huteua mtu mmoja tu.
Tuko wawili, mimi na Nzai.
Jana tulikula viazi karai kwenye ngazi za maktaba, Tudor,
tukaazimana chaja,
hilo hatukulitaja.

Eleza tatizo la utafiti wako kwa maneno mia mbili.

Tatizo langu lina miaka sabini na minane,
limeketi ukumbini lachambua mchele.
Nilimrekodi Bi Rukiya saa arubaini nzima.
Alimwita kitukuu: Ndoo, ndoo uteke nami,
yaani njoo, njoo ucheke,
kwa Kimvita chake kisichowahi kuomba radhi.
Mashine ikasikiza, ikapiga hesabu zake,
ikafasiri kwa Kiswahili cha vitabuni:
Ndoo mbili. Uchote maji pamoja nami.

Akalalama mato yamuuma,
ikaandika mto, ule wa kulalia.
Na aliposema nti yangu
ikaacha pengo.

Ndilo pengo hilo ninaloliombea pesa.

Ukurasa wa tisa: Utafiti huu utazifaa vipi bidhaa zetu?
Nimeandika uongo mwembamba,
kisha nikaupiga pasi mpaka ukang'aa.
Ukurasa wa kumi: Sauti zitakazokusanywa ni mali ya nani?
Vijisanduku viwili.
Kampuni. Chuo, kwa niaba ya kampuni.
Nilikitafuta cha tatu, nikateremka mpaka chini kabisa,
kwenye nembo yao na mwaka.

Nikamwendea mwenye sauti.
"Waitakiani?" akauliza. "Kwani wao hawana nyanya zao?"
Akatupa chuya mbili tatu, akafikiri.
"Basi na walipe kwa neno.
Na matusi, waambie, yana bei yake mbali."

Muda wa kufunga umeandikwa kwa saa za kwao.
Nimehesabu kwa vidole, nikarudia kwa kalamu:
kwetu ni saa nne kasoro dakika moja asubuhi.
Saa tisa usiku stima zikapotea mtaa mzima.
Nikahariri bajeti kwa mwanga wa simu,
tiketi ya ndege, bima, "gharama nyinginezo,"
nikajiuliza kama Nzai naye yu macho kule Mtopanga,
na kama amekiweka alama kile kisanduku
kwa mkono usiotetema.

Alfajiri zikarudi. Feni ikaanza kulalamika.
Palikuwa na nafasi moja mwishoni, Maelezo mengine, si lazima,
nikaandika: Sauti hizi nimeazima.
Nikafuta.
Nikaandika tena.
Kishale kikawa kinapepesa juu ya neno Wasilisha
kama mtu aliyesahau alilojia.

"Ndoo!" Bi Rukiya akaita kutoka uani.

Nikainuka. Nikapita jikoni,
nikachukua ile ya buluu, yenye mkono wa waya,
nikaenda nikasimama mbele yake nayo.

Akaitazama ndoo. Akanitazama mimi.
Akateka.
Akateka hata leso ikamwanguka begani,
hata jirani akachungulia dirishani kujua kuna nini,
akateka huku ameshika mbavu, na ungo umepinduka,
mchele wote sakafuni.

Simu ilikuwa ndani, kwenye chaji.
Saa nne kasoro robo.